Kompyuta Ndani ya Kabati la Mtiki: Usilipie Kusafirisha Kasha Tupu

Asalaam aleikum, habari zenu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo kaeni vizuri, maana mmeniuliza sana kuhusu hiki kitu kinachoonekana nyuma yangu kila ninaporekodi. Ngoja niisogeze kamera. Haya, kinaonekana?

Ni kabati dogo la kando ya kitanda. Lina droo moja juu, kijimlango chini, na miguu minne mirefu iliyochongoka. Hapa Aarhus makabati kama haya yamejaa kwenye maduka ya mitumba, kwa sababu miaka ya 1950 na 1960 Wadenmark walitengeneza fanicha nyingi sana za mtiki. Hili nimelipata kwa kroni 80. Sasa tazameni nikibonyeza hapa kwenye droo. Mmesikia feni? Ndani humu mna kompyuta kamili, na video hii mnayoitazama nimeihariria humo.

Sikuitengeneza kwa ajili ya urembo, ingawa ni nzuri na naipenda. Kila anayeishi huku ana mdogo wake au mpwa wake nyumbani Tanzania aliyemwomba kompyuta. Ukitaka kuituma, kinachokushinda ni kasha, lile sanduku la nje. Kasha la chuma la kawaida lina uzito wa kilo sita, saba, na kubwa yake ni hewa tupu. Begi la ndege mara nyingi mwisho wake ni kilo 23. Kwenye kontena wanakutoza kwa ujazo, kwa hiyo unalipia ile hewa. Lakini toa vya ndani: mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vyote), prosesa (ubongo wa kompyuta) na kipozeo chake, ramu na diski za kuhifadhia kumbukumbu, na pawa saplai inayogawa umeme. Vyote vinaingia kwenye boksi moja la buti, ukavifunga na nguo. Basi mimi nasema tutume hivyo, na kasha litengenezwe huko huko na fundi seremala. Tanga wapo, Keko ya Dar es Salaam wapo, na popote ulipo hukosi fundi anayejua kupima na kukata kuliko mimi. Nimeanza na hili kabati ili nitakapompigia fundi simu, nimweleze kitu nilichokifanya kwa mikono yangu.

Na msidhani ni jambo la ajabu. Kompyuta ya kwanza ya Apple, ile Apple I ya mwaka 1976, ilikuwa inauzwa kama ubao wa mazabodi tu, dola 666.66, bila kasha. Duka la Byte Shop kule California lilichukua 50, na baadhi yake zikavikwa makasha ya mti uitwao koa, mti wa Hawaii. Mwaka 2021 moja ya hizo zenye kasha la koa iliuzwa mnadani kwa dola 400,000. Hata leo, hapo ng'ambo ya maji Gothenburg, Uswidi, kampuni ya Fractal Design mwaka 2022 ilitoa kasha linaloitwa North, lenye fito za mbao halisi mbele, na watu wamelipenda mno.

Mama alipoona picha aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umeme ndani ya mbao, hutaunguza nyumba?"

Swali zuri, na nataka nilijibu taratibu. Prosesa ikifika nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi hapo hujizima. Mbao inahitaji nyuzi kama 250 ndipo ishike moto. Kwa hiyo joto la kawaida la kompyuta haliwashi kabati. Hatari inatoka kwenye pawa saplai mbovu, waya uliochubuka, na vumbi lililojaa bila kufagiliwa. Pawa saplai ina boksi lake la chuma: usiitoe humo kamwe, usiifungue, maana hata ukichomoa waya ukutani ndani yake hubaki umeme. Iwekee tundu lake nyuma ya kabati, itoe hewa yake nje.

Tatizo la mbao ni lingine: haipitishi joto. Chuma kinapitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao. Kasha la chuma ukiligusa lina uvuguvugu, lile joto linatokea kwenye bati lenyewe. Mbao inalifungia ndani kama hotipoti. Kwa hiyo usipolitolea joto njia kwa feni, halina pa kwenda, na hapa ndipo ninapotaka fundi wako asikilize kuliko mahali pengine popote. Hewa baridi iingie chini, ya moto itokee juu nyuma. Mimi nimebahatika na hii miguu: kabati limeinuka, kwa hiyo nimetoboa sakafu yake na kuweka feni mbili za milimita 120 zinazovuta kutoka chini. Nyuma, karibu na dari, ipo ya tatu inayotoa. Feni ina upande wa kuvutia na upande wa kupulizia. Ule wenye vile vijiti vinavyoshika mota ndiko hewa inakotokea. Nyingine zina mshale ubavuni. Angalia kabla ya kufunga skrubu.

Sasa fungua mlango huu. Mnaona lile bati la kijivu? Hilo limetoka kwenye kasha la chuma lililokufa. Sehemu ya nyuma ya mazabodi, pale unapochomeka USB na waya wa skrini, imekusudiwa bati jembamba. Ubao wa kabati una unene wa milimita 15 hadi 18, na plagi nyingi hazifiki, zinagota kwenye mbao. Dawa yake ni kutafuta kasha bovu kwa mafundi kompyuta, na huko nyumbani yamejaa. Toboa ribiti zake kwa drili, toa lile bati la kushikia mazabodi pamoja na ukuta wake wa nyuma, kisha fundi akate tundu kubwa mgongoni mwa kabati na kulifunga bati hapo. Vile vijiguu vya shaba vinavyoinua mazabodi vinakuja navyo, na matundu ya skrubu yote yapo tayari. Mazabodi zina saizi zenye majina yake. Ukitaka kupima nafasi: ya ATX ni milimita 305 kwa 244, mikro-ATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170. Mimi nimetumia mikro-ATX.

Droo ya juu imebaki uso tu. Mwili wake nimeutoa ili kipozeo cha prosesa kipate kimo. Na kile kishikio mnachoniona nabonyeza ni kitufe cha kengele ya mlango. Kweli kabisa! Kompyuta inawashwa kwa kugusanisha pini mbili ndogo za kuwashia zilizo kwenye mazabodi kwa muda mfupi, basi. Kitufe chochote kinachorudi ukikiachia kinafaa, na waya zake mbili hazina chanya wala hasi.

Jambo la ethi, ile njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Tafadhali msilipite. Ethi ya kompyuta inapita kwenye waya wa pawa saplai hadi ukutani. Hapa Denmark plagi zile za Kijerumani zinaingia kwenye soketi za zamani vizuri kabisa, lakini ethi haigusi, na kompyuta inafanya kazi bila mtu kujua. Huko nyumbani soketi yetu ya pini tatu ina ethi, ila mnatumia ekstensheni za pini mbili, au nyumba haikuzikiwa ethi tangu mwanzo. Ukigusa bati ukahisi linakutekenya, zima, mwite fundi umeme. Na lile bati la mazabodi liunganishwe kwa waya na boksi la pawa saplai.

Mbao gani? Mninga ukipata vipande vilivyobaki karakana, chukua. Hausinyai sana wala haupindi ovyo. Vumbi lake huwasha kifua kwa baadhi ya watu, kwa hiyo barakoa. Mtiki wa Longuza, Muheza, nao ni mzuri, ila una mafuta, fundi aupanguse kwa thina kabla ya gundi. Paini ya Sao Hill ni rahisi, lakini iwe imekauka kweli, la sivyo mlango utagoma baada ya mwezi. Plaiwudi inafaa kabisa, sioni aibu yoyote ndani yake. MDF, ile mbao ya unga ulioshindiliwa kwa gundi, mimi siipendi kwa Tanga, unyevu unaivimbisha.

Kwa vumbi la Dodoma au Singida, tandika wavu wa dirisha, ule wa mbu, kwenye tundu la feni za chini, ufunge kwa skrubu ili utoke kirahisi. Uoshwe kila mwezi. Na redio ikae mbali kidogo, maana mbao haizuii mawimbi kama chuma, mtasikia mikwaruzo.

Nimeijaribu huku mgongo umefungwa na video ndefu inachakatwa: prosesa ilikaa kwenye nyuzi 70 na kitu. Chumba changu ni baridi, kwa joto la Tanga ongezeni nyuzi kadhaa, ndiyo maana nasema feni tatu zisipungue.

Mzigo wa mpwa wangu unaondoka wiki ijayo, na fundi ni jirani yao pale Ngamiani. Nimeshamtumia vipimo: tundu la feni kipenyo milimita 115, skrubu zake ziachane milimita 105. Lakini nimemwomba asikate chochote mpaka boksi lifike, aiweke feni yenyewe juu ya ubao, aichore kwa penseli, ndipo ashike msumeno.