Kiota cha kitwitwi hakina kijiti hata kimoja

Hamjambo watazamaji. Hapa ni Varanger, kaskazini kabisa ya Norwei, na Juni hii jua halizami. Sisogei zaidi ya hapa, navuta kwa lenzi tu. Yule pale, kando ya kichaka kisichofika hata gotini, ni kitwitwi mdogo, wale wale mnaowaona hori ya Mida pwani ya Kenya au Ziwa Manyara wakidonoadonoa tope. Ana gramu 25 hivi. Kifaranga wa kuku aliyeanguliwa leo anamzidi.

Kiota ni kishimo tu. Analaza kifua chini, anazunguka huku akichimbua kwa miguu mpaka pawe kama kibakuli, halafu anatandika majani makavu ya mierebi mifupi. Msilidharau tandiko hilo: ardhi ya huku ni baridi hata kiangazi, na bila majani ingenyonya joto lote la yai.

Mayai karibu kila mara ni manne, yamechongoka upande mmoja, na ncha zote zinaelekea katikati kama vipande vya chungwa. Yakibanana hivyo, kifua kidogo kinayafunika yote. Moja likigeuka vibaya, linabaki nje na kupoa. Kuatamia kwa dhati huanza yakitimia, ili makinda waanguliwe pamoja.

Sasa uhondo. Mayai manne yana uzito unaokaribia wa mama mwenyewe, na ameyatengeneza kwa wadudu wa huku huku, si kwa mafuta aliyokuja nayo kutoka Afrika. Hata hivyo, mara nyingi humwachia dume aatamie, akataga manne mengine kwingine na kuyaatamia mwenyewe! Gharama yake ni kwamba kila kiota kina mzazi mmoja asiye na wa kumpokea zamu. Akienda kula, mayai yanapoa. Yai linavumilia, ukuaji unachelewa tu, na siku 20 hivi za kuatamia zinaongezeka. Balaa ni theluji ya Juni: ikifunika chakula, mzazi anakonda, anasusa kiota.

Makinda wakikauka wanaondoka kiotani na kujitafutia wadudu wenyewe. Mzazi kazi yake ni kuwafunika wakitetemeka.

Adui mkubwa ni mbweha. Lemingi, panya wa nyika hii ya baridi, wakijaa, anashiba hao. Idadi yao hupanda na kuporomoka kila miaka mitatu minne, na wakiporomoka anageukia mayai.

Hilo mnaweza kulikagua huko huko nyumbani. Vitwitwi waliokomaa hutangulia kufika, kuanzia Agosti, manyoya yamechakaa. Kuanzia Septemba tafuteni wenye manyoya mapya na mistari myeupe mgongoni kama herufi V. Hao ndio wa mwaka huu. Mkihesabu kundi la mia na V ni za kuokoteza, mara nyingi ujue huku kaskazini mbweha walikuwa na njaa.