Funika Pua, Litashikwa na Mafua

SWALEH: Karibuni tena. Zuhura leo kaingia studio kucha nyeusi ti, na hajasalimia mtu.

ZUHURA: Assalamu alaykum, haya, umeridhika? Nililala chini ya boneti Jumamosi nzima. Nimelirudishia Subaru boksi la filta la kiwandani.

SWALEH: Inna lillahi. Na ile koni, filta ya wazi iliyokuwa mahali pake?

ZUHURA: Ile koni aliifunga mwenye gari wa kwanza, si mimi. Iko kwenye gunia. Anayeitaka aje.

SWALEH: Wasikilizaji, STI, Subaru ya mbio, bila koni ni nini sasa? Ile "pshuuu" tukikata kona ya Nyali ndiyo imekwenda?

ZUHURA: Pshuuu ilikuwa yako, Swaleh. Yangu ilikuwa taa ya injini. Nikisimama tu kwenye foleni, mshale wa mizunguko unapanda, unashuka, gari latetemeka.

SWALEH: Ni pleki hizo, za kuwashia mafuta.

ZUHURA: Pleki mpya. Sikiliza. Sensa ya hewa ina waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inapima kwa hivyo hewa imeingia kiasi gani, ndipo inatoa petroli. Sasa bomba la ile koni ni pana kuliko la kiwanda. Hewa ni ile ile, lakini mbele ya waya inapita polepole. Kompyuta inadhani imeingia kidogo, inabana mafuta. Na kwenye injini ya turbo, inayosukumiwa hewa kwa nguvu, ukikosa mafuta ukiwa umekanyaga, pistoni ndizo zinazolipa.

SWALEH: Kazi yenyewe ngumu?

ZUHURA: Boksi nimelipata kwa wauza spea za mitumba, klipu moja imevunjika, nikaitafuta kwingine. Sensa inashikwa na skrubu mbili tu, lakini ina kile kipete cha mpira, kikikaa upande hewa inapenya. Iliyonitoa jasho ni hosi ya kwenda kwenye turbo. Yataka kubembelezwa. Hapo ndipo Bi Mkubwa wa nyumba ya chini akatokea na gunia.

SWALEH: Gunia lipi tena?

ZUHURA: La mchele. Wingu likitanda tu, anateremka kulifunika lile tundu la juu ya boneti. "Mwanangu, funika pua, litashikwa na mafua."

SWALEH: (anacheka) Allah! Lakini ana haki, maji si yanaingia injini?

ZUHURA: Na wewe?! Swaleh, lile tundu haliingizi hewa kwenye injini. Linapuliza intakula, kile kipoza hewa ya turbo kilichokaa juu ya injini, basi. Hewa ya injini inaingia mbele, nyuma ya grili.

SWALEH: Subiri. Miaka yote hii naosha Subaru ya mjomba na mfuko wa nailoni pale juu...

ZUHURA: Shemeji yake Bi Mkubwa!

SWALEH: Mbona basi magari ya Safari Rally yalikuwa na bomba limepanda hadi juu pembeni ya kioo?

ZUHURA: Hilo ndilo la hewa ya injini, kwa ajili ya mito na vumbi. Maji hayabanwi. Yakiingia ndani, fimbo ya pistoni inapinda. Mwaka 1997 dereva Colin McRae alishinda Safari na Subaru Impreza. Unadhani alifunika gunia?

SWALEH: La mchele wa biriani. (wanacheka)

ZUHURA: Bi Mkubwa angemkimbilia njiani, "Mwanangu, mafua!"

SWALEH: Haya, turudi. Mimi bado nasema koni haina kosa. Lipeleke gari kwa fundi wa kompyuta za magari, aipange upya kompyuta yake ifuate bomba pana, nguvu utaiona.

ZUHURA: Nguvu ya wapi, kwenye feri ya Likoni? Joto la Mombasa, koni iko wazi chini ya boneti, inavuta hewa iliyokwisha chemka.

SWALEH: Ijengee kizuizi.

ZUHURA: Nikishajenga kizuizi nimejenga nini? Boksi! Kiwanda kishalijenga.

SWALEH: Kiwanda kilijenga kwa kupunguza kelele, Zuhura. Mpaka kwenye fenda wamechomeka kiboksi cha kunyamazisha sauti.

ZUHURA: Na nikale kelele?

SWALEH: Gari la mbio lisilosikika ni teksi.

ZUHURA: Basi mimi dereva wa teksi.

SWALEH: Sikubali.

ZUHURA: Wala mimi.

SWALEH: (kimya) ...Na tulikuwa na mambo matano ya kukagua kabla hujarudisha boksi. Niliyaandika kabisa.

ZUHURA: Dakika ngapi?

SWALEH: Tumekwisha. Mtayarishaji anapunga mkono pale.

ZUHURA: Soma la kwanza upesi.

SWALEH: La kwanza, hakikisha kwamba tundu la juu limefuni—

ZUHURA: Swaleh!