Harufu Inayomfukuza Paka na Harufu Inayomwita

Mhadhara kwa wakazi na wakulima wa bustani za mboga, Tabata, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na vijana mliosimama kule ukutani, sogeeni, nafasi ipo.

Mwenyekiti aliponialika aliniambia watu wamechoka na paka. Wanafukua matuta ya mchicha mbegu zikiwa hazijaota, wanakojolea milango, usiku wanapigana juu ya mabati mpaka watoto wanaamka. Akaongeza jambo la pili, na hilo ndilo lililonifanya nije haraka: kuna watu wameanza kutega sumu ya panya ndani ya dagaa.

Naomba nianze na hilo la sumu, halafu twende kwenye maganda ya ndimu mliyoyaleta, ya kutengenezea dawa ya kumfukuza paka. Dagaa mwenye sumu hana mwenyewe. Ataokotwa na kuku wa jirani, na mbwa wa mlinzi, na mtoto anayetambaa uani. Paka aliyemla ataenda kufia darini au chini ya karo, kwa maumivu ya saa nyingi, na mtabaki na harufu mbaya kuliko ile mliyokuwa mnaikimbia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na paka wa mtaani naye yumo. Waislamu wenzangu mnajua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kwa hiyo yote nitakayoyasema leo ni ya kumfanya paka aende kwingine akiwa mzima. Ya kumdhuru hayamo katika mazungumzo haya.

Tuanze na pua yake. Paka ana uwezo wa kunusa mkubwa mara nyingi kuliko wetu. Zaidi ya pua, ana kiungo kingine kwenye paa la kinywa kinachosoma harufu za wanyama wenzake. Mkimwona amenusa mahali kisha akaachama kidogo, mdomo wa juu umejikunja, hajakasirika. Anaipitisha harufu kwenye kiungo hicho ajue nani alipita hapo, dume au jike. Dume lililokomaa linapogeuza mgongo, likainua mkia na kurusha mkojo kwenye nguzo ya mlango wako, limeacha tangazo, kama yale maandishi mekundu ya mjini yanayosema nyumba hii haiuzwi. Paka mwingine akipita atasoma, na atajibu pale pale. Ndiyo maana mlango mmoja hukojolewa kila wiki na mlango wa jirani hauguswi.

Kwa hiyo ukipuliza dawa ya maganda juu ya mkojo wa zamani, umepoteza maganda yako. Kusafisha kunatangulia.

Mkojo wa paka una vitu viwili vinavyotusumbua. Kuna urea, ambayo bakteria huigeuza kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua. Na kuna chembechembe za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki kirahisi kwenye maji matupu. Hukauka, zikanyamaza, mvua zikianza na hewa ikajaa unyevu, harufu inarudi na wewe unadhani paka amekuja tena. Osha kwanza kwa maji mengi na sabuni ya unga, sugua kwa brashi mpaka kwenye nyufa za sakafu. Suuza. Kisha changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, mwagia, acha kama robo saa, suuza tena, acha jua likaushe. Kwenye sakafu ya terazo au marumaru ya mawe usitumie siki, inaila. Hapo sabuni inatosha, rudia mara mbili au tatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wanaofua na kudeki. Usimwage Jik juu ya mkojo mbichi. Klorini ikikutana na amonia inatoa hewa inayochoma macho na kifua, na vyoo vyetu vingi na korido zetu hazina dirisha la maana. Wala usichanganye Jik na siki, hiyo inatoa gesi ya klorini yenyewe. Na dawa za kusafishia zenye amonia ziacheni kabisa kwa kazi hii: kwa paka zinanuka kama mkojo wa mpinzani wake, ataongeza wake juu.

Mama mmoja hapa mbele anauliza, basi dawa yenyewe ni ipi? Ni hii.

Chukua maganda ya machungwa, ndimu au malimao, hata yakichanganyika. Wauza juisi wanayatupa kila siku, ukiomba watakushukuru. Jaza viganja viwili kwa kila lita moja ya maji. Yakatekate, kwa sababu mafuta yenye harufu yamo kwenye vile vidoti vya ngozi ya nje. Ukilikunja ganda karibu na moto wa mshumaa utaona cheche, ndiyo mafuta hayo. Weka sufuria kwenye moto mdogo, funika, usiache yachemke kwa fujo maana mafuta yataondoka na mvuke na harufu itabaki jikoni kwako. Dakika ishirini zinatosha. Epua, acha yapoe na kifuniko juu, chuja kwa kitambaa. Ongeza siki vijiko viwili vya chakula na tone au mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo, ili mafuta yashikane na maji yasielee juu. Tia kwenye chupa ya kupulizia, tikisa kila unapotumia.

Pulizia jioni, jua likishapungua. Joto la Dar es Salaam linakausha harufu hii kwa saa chache. Ukipuliza saa sita mchana, magharibi hakuna kitu, na paka wengi hutembea magharibi na alfajiri. Pulizia kizingitini, kwenye nguzo za mlango, juu ya ukuta wanapopandia, kwenye mawe yanayozunguka bustani. Usipulizie majani ya mboga, siki inayaunguza. Rudia kila baada ya siku moja au mbili, na kila mvua inapokatika. Wakati wa masika utarudia sana, nawaambia mapema msije mkasema dawa haifai. Na kama paka amezoea njia hiyo kwa miaka, au ana watoto pale, au kuna chakula, atavumilia harufu na atapita. Dawa hii inamfanya paka asiye na sababu kubwa ya kuja achague njia nyingine. Kwa mwenye sababu kubwa, ondoa sababu.

Sababu mnazijua. Ndoo ya taka isiyo na kifuniko. Maji ya kuoshea samaki yanayomwagwa uani badala ya kwenye karo. Vichwa vya samaki anavyotupiwa na mtu mwenye huruma nyumba ya tatu, halafu paka anakuja kulala kwako. Sisemi huruma hiyo ife. Anayelisha alishe saa moja inayojulikana, mahali pamoja, na aondoe mabaki.

Nirudi kwenye vya jikoni, maana hapa ndipo penye hatari na watu hawaambiwi. Neno asili limewafanya wengi waamini kwamba kilichotoka shambani hakina madhara. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali za kundi la fenoli. Ndiyo sababu kidonge kimoja cha panado cha miligramu 500, ambacho wewe unameza viwili na kwenda kazini, kinaweza kumuua paka. Mafuta ya karafuu, yale ya chupa ndogo ya kutuliza jino, yamejaa fenoli. Mafuta ya mdalasini, ya mkaratusi, ya mchaichai, hata mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa yakawa mazito, yote ni hatari kwake. Si lazima ayanywe: atayakanyaga, kisha atalamba miguu, kwa sababu paka hujisafisha kwa ulimi muda wote. Maganda yaliyochemshwa kwenye maji mengi ni kitu kingine na mafuta safi ya chupa ni kitu kingine. Tumieni la kwanza. Hilo nalo lipulizieni mahali, kamwe si mwilini mwa mnyama.

Dawa ile ya kusafishia inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia maji, nayo nyingi zina fenoli. Usiimwage bustanini kumfukuza paka.

Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu yake, saumu ikiwa kali zaidi. Makapi ya kahawa yana kafeini; wachache watayala, lakini paka mdogo mwenye njaa hula chochote. Pilipili ya unga ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inapendekezwa kila mahali. Inampata kwenye nyayo, anajifuta uso, inaingia machoni. Upepo ukivuma inampata na mtoto wako. Na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, ni sumu kwa paka na kwa mtoto atakayedhani ni pipi.

Bustani sasa. Wenzetu wanaolima Bonde la Msimbazi na ninyi mnaolima kwenye viroba mna tatizo moja. Paka anatafuta udongo mlaini, mkavu juu, uliotifuliwa. Tuta la mchicha siku uliyomwaga mbegu ndilo choo anachokitamani. Mtazameni siku moja: anasimama pembeni, anagusa udongo kwa mguu wa mbele, anachimba kishimo, anageuka, akimaliza ananusa na kufukia, kisha anafukia tena. Kama mguu wa kwanza haukupata udongo mlaini, anaondoka. Kwa hiyo kazi yenu ni ule mguu wa kwanza.

Chukueni fagio kuukuu la chelewa, likateni vipande vya shubiri moja, mvichomeke wima kwenye tuta, vikaribiane kiasi kwamba paka hana pa kugeukia. Havimchomi, vinamnyima nafasi. Au tandikeni makumbi ya nazi kati ya mistari, au wavu wa kuku juu ya tuta, muuondoe wavu huo mchicha ukishasimama na kufunika udongo. Mwagilia jioni, udongo mbichi hawaupendi. Maganda mabichi yatupwe juu ya hayo yote kama nyongeza, mkibadilisha yakikauka. Wengine mnanunua nyavu chakavu za wavuvi kule Feri, kwenye soko la samaki. Ni nzuri na za bei ndogo, lakini zifueni kwa sabuni na kuzianika siku kadhaa, la sivyo mtakuwa mmefunika mchicha kwa harufu ya samaki. Na zikazeni sana kwenye vigingi, wavu uliolegea hunasa miguu ya paka na ya kuku.

Nina neno kwa wajawazito. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kimelea kiitwacho toksoplasma, kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kikitoka hakiambukizi papo hapo, huchukua siku 1 hadi 5, kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku hatari inapungua sana. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, avae glavu akilima, na mchicha uoshwe kwa maji yanayotiririka na upikwe. Ukikwaruzwa au kung'atwa na paka usiyemjua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

Na msiwamalize paka wote mtaani. Mnakumbuka homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022. Ugonjwa huo huenea kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na panya tunao.

Kinachopunguza paka kwa kweli ni kuwahasi. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65, anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Dume likihasiwa, kurusha mkojo kwenye milango huacha au hupungua sana kwa wengi wao, na zile ngurumo za usiku juu ya mabati zinapungua pia. Mkichanga mtaa mzima kwa ajili ya madume mawili matatu yanayojulikana, mtapata nafuu ambayo hakuna sufuria ya maganda itakayoileta. Mwenyekiti, naomba hili liingie kwenye kikao chenu kijacho, na daktari wa mifugo wa halmashauri aitwe.

Kijana pale ukutani anasema kwao paka amezaa darini, afanyeje. Usipulize chochote huko juu. Vitoto havina pa kukimbilia, mama atakimbia na kuviacha, na utavisikia vikilia mpaka vife. Wakifika wiki tano hivi watakuwa wanatembea vizuri na wataanza kushuka na mama yao. Wengi hupata kula wenyewe wiki ya nane. Anza kabla ya hapo kutafuta watu wa kuwachukua, wenye maduka ya nafaka huwa wanawataka kwa ajili ya panya. Wakishashuka wote, panda na tochi uhakikishe hakuna aliyebaki, safisha kwa siki kama nilivyoeleza, ndipo uzibe lile tundu kwa wavu wa chuma. Na mama yao mpeleke akafungwe kizazi mara tu maziwa yakikauka, kwa sababu anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hajamaliza kunyonyesha.