Mzee wa Kahawa Ana Fremu Ngapi?

RUKIA: Assalaam alaykum. Nassor leo kawahi, andikeni mahali.

NASSOR: Waalaykumu salaam. Nisiwahi vipi? Jana usiku umenitumia video ndefu ya baraza lenu, haina salamu wala maelezo. Mie nikadhani kuna msiba Kikwajuni.

RUKIA: Msiba upo, wa mdogo wangu. Mnamjua, yule mpiga kelele tukirekodi nyumbani. Wiki hii katoa ngao yake nzuri ndani ya gemu la Diablo II, kapewa pete mbili, kila moja inaongeza 10 kwenye kasi ya kutupa uchawi. Sorceress wake, yule mchawi wa kike anayemchezesha, katoka 75 kafika 95. Basi tena, kutwa barazani anajisifu, "Sasa nnaruka!"

NASSOR: Na haruki.

RUKIA: Haruki kitu! Sorceress akishafika 63 anatupa moto wake kwa fremu 9, yaani hatua 9 za gemu, na yuko hapo hapo mpaka 104. Akigusa 105 ndo anashuka fremu 8. Kwa hiyo 75 na 95 ni mtu mmoja.

NASSOR: Kwa sababu gemu lenyewe linapiga hesabu mara 25 kwa sekunde. Lilivyotoka 2000 ndivyo hivyo, na toleo la 2021 limesafishwa sura tu, ndani ni 25 ile ile. Fremu moja milisekunde 40. Nusu fremu haipo. Unaongeza, unaongeza, hakitokei kitu, halafu pointi moja tu inakuvusha.

RUKIA: Nimemweleza hayo. Kaniambia, "Dada, mie nnaihisi." Haya, nikamwambia toa laputopu barazani, mie nnakurekodi kwa simu.

NASSOR: Kwa fremu 60?

RUKIA: 60. Na hapo ndipo watu wanapojichanganya. Mtupo mmoja wa fremu 9 ni milisekunde 360. Kwenye video ya 60 inakuja fremu 21.6, na hiyo .6 huioni, utahesabu 21 au 22. Wa fremu 8 ni 19.2, utahesabu 19 au 20. Jicho likiteleza kidogo tu, umeshasema uongo. Kwa hiyo huhesabu mmoja. Unamwambia ashikilie kitufe, unahesabu kumi mfululizo. Ya 9 inakuja 216, ya 8 inakuja 192. Hapo hakuna wa kubishana.

NASSOR: Na simu nyingi hazikamati 60 kamili, zinapanda zinashuka. Usipoangalia saa ya video unaweza kuhesabu vizuri kabisa kitu kibovu.

RUKIA: Ndo nikaamua kutumia sauti. Sauti ya video kwa kawaida ina sampuli 48,000 kwa sekunde, picha ina 60. Moto ukitoka mkononi unalia, kwenye wimbi la sauti unaona kilele. Unapima kilele hadi kilele. Nikaifungua kwenye kompyuta, naona vilele vimejaa, vinakuja vitatu vitatu. Nikasema huyu mtoto kafanya nini?

NASSOR: (anacheka) Mzee wa kahawa.

RUKIA: Mzee wa kahawa! Alikuwa anapita na dele lake, anagonganisha vikombe.

NASSOR: Yakhe, mie video yako sikuitizama gemu hata kidogo. Nimemsikiliza mzee. Anagonga tatu, anapumua, anagonga tatu. Yule ana mpigo wake, hakosei. Nimekaa nikampima mpaka saa sita usiku.

RUKIA: Nassor.

NASSOR: Wallahi. Akiwa mbali, taratibu. Akikaribia baraza lenye watu, anaongeza. Lakini haongezi kidogo kidogo! Anakwenda kasi moja, halafu ghafla kasi nyingine. Mzee ana vizingiti.

RUKIA: (anacheka) Kwa hiyo watu wanne barazani haisaidii, wakifika watano ndo anavuka?

NASSOR: Watano na mmoja ameshika kashata. Hiyo ndo 105 yake.

RUKIA: Na mkono wa pili umebeba dele la moto, hiyo adhabu lazima uihesabu. Silaha nzito.

NASSOR: Silaha nzito, inapunguza kasi. Ukimtilia runi ya Shael, lile jiwe la kuongeza kasi ya silaha, kwenye dele…

RUKIA: Asilimia 20 hapo hapo.

NASSOR: …Darajani yote inakunywa kahawa kabla ya alfajiri.

RUKIA: Haya. Turudi. Mdogo wangu nimempima, imekuja 9 safi. Kabla ya pete 9, baada ya pete 9.

NASSOR: Ulipima wapi mpaka wapi?

RUKIA: Nimeshasema. Moto kutoka mpaka moto kutoka.

NASSOR: Basi hujapima alichokwambia.

RUKIA: Tunaanza.

NASSOR: Sikiliza. Mtoto anasema "nnaihisi." Anachohisi ni kidole. Kabonyeza, na moto umetoka lini? Ndani ya zile fremu 9 moto hautoki mwisho, unatoka katikati, mkono ukinyooka. Wewe umepima mzunguko. Mie nnataka kutoka kidole mpaka moto. Nikizungukwa na maadui, Teleport ya kwanza, ule uchawi wa kuhama ghafla, ndo inaniokoa. Ya kumi nitakuwa nimeshakufa.

RUKIA: Hiyo uliyoitaja ni kuchelewa, si kasi. Ndani yake kuna pedi ya kuchezea, kuna skrini, ukicheza mtandaoni kuna njia mpaka seva. Nikipima kwako Wete na nikipima kwangu, Sorceress yule yule, tutapata namba mbili. Mzunguko wangu ni 360 popote.

NASSOR: 360 popote, na haimsaidii mtu popote. Mzee wa kahawa nikimwita, saa yangu inaanza nilipoita. Inasimama kikombe kikifika mkononi. Wewe unanambia anagonga vikombe kwa kasi nzuri. Mie kahawa sijaiona!

RUKIA: Kwa sababu umekaa baraza la mbali! Hilo kosa la mzee?

NASSOR: Si kosa lake, lakini kiu yangu ndo hiyo.

RUKIA: Basi usiseme unapima mhusika. Sema unapima maisha yako.

NASSOR: Mhusika anachezwa na nani? Na mtu? Au anajitupia mwenyewe?

RUKIA: Mtu anayechagua pete anataka kulinganisha pete na pete. Kila kitu kingine lazima kitulie. Ukichanganya kidole chako humo, ndo unapata watoto wanaotoa ngao kwa sababu "wanaihisi."

NASSOR: Na ukikitoa kidole, unapata jedwali zuri la mtu asiyecheza.

RUKIA: Mie nacheza kukushinda.

NASSOR: Hilo nalo utalipima vipi, kilele kwa kilele?

RUKIA: Sikuachii hii, Nassor.

NASSOR: Wala mie.

RUKIA: Saa ngapi? Lahaula, dakika saba tu na mwenye chumba anataka chumba chake. Tulikuwa na mambo matatu ya kufundisha leo, tumefundisha kahawa.

NASSOR: La silaha tu, haraka. Kasi ya kupiga kwa silaha haihesabiwi kama ilivyoandikwa. Chukua 120, zidisha kwa kasi yako, halafu gawa kwa jumla ya 120 na kasi yako. Ukiwa na 40, gemu linaona 30. Ukiwa na 60, linaona 40. Ukiwa na 120…

RUKIA: 60. Kila ukiongeza, faida inazidi kupungua. La pili?

NASSOR: La pili ni la Paladin, yule mpiganaji, na Zeal, mapigo yake ya mfululizo: kwa kasi ya juu kabisa, pigo la kwanza hadi la nne fremu 4 kila moja, halafu la mwisho linakuwa refu, na hapo sasa swali ni utaanza kuhesabu wapi…

RUKIA: Unanirudisha kulekule!

NASSOR: Si mie, gemu lenyewe!

RUKIA: Anagonga mlango. Nassor, toa waya.

NASSOR: Pigo la mwisho lile, ukilihesabu na…

RUKIA: Waya!