Kalamu Sawa, Kisu Hapana

MWANDISHI: Karibuni tena. Leo hatuna mgeni, tupo wawili tu, na mwenzangu ndiyo kwanza katoka thieta. Dokta, pole na kazi.

DAKTARI: Nimeshapoa, dada. Ila nimesimama tangu alfajiri, nikiropoka mnisamehe.

MWANDISHI: Ropoka, ndicho ninachotaka. Nyie wapasuaji mnayatumia haya maroboti ya kuchati, au mnayaogopa?

DAKTARI: Tunayatumia kimyakimya. Kuna mwenzangu anaapa hagusi kabisa, lakini barua zake za rufaa siku hizi zimenyooka mno! (Anacheka.) Barua, muhtasari wa mgonjwa anayeruhusiwa, maelezo ya ale nini baada ya kutolewa nyongo, hayo yote linakuandikia ukiwa bado unavua glavu. Kalamu tunalikabidhi. Kisu, hapana.

MWANDISHI: Na mwaka 2023 watafiti walionyesha ChatGPT ikifikia, au kukaribia, alama za kufaulu mitihani ya leseni ya udaktari Marekani.

DAKTARI: Mitihani sawa. Sasa sikia. Mzee mmoja kaja kliniki, ananiambia, "Mwanangu, mshipa umenishuka." Wewe umeelewa nini?

MWANDISHI: Ngiri.

DAKTARI: Ngiri, au busha, ukimpima utajua. Faili zetu tunaandika Kiingereza, basi jioni nikaliandikia roboti maneno ya mzee yalivyo, linitengenezee muhtasari. Likaniletea mishipa ya damu ya miguuni iliyovimba! Na soksi za kubana likashauri. Kiingereza safi, nukta na mkato mahali pake. Intani, yaani daktari aliye bado mafunzoni, akiwa amechoka angesaini.

MWANDISHI: Lakini intani naye hukosea.

DAKTARI: Sana. Ila intani asiye na uhakika namwona usoni, anajikuna shingo, namuuliza mara ya pili. Roboti linakosea kwa sauti ileile linayopatia. Na mambo yakiharibika, jina lililo kwenye fomu ya ridhaa ni langu.

MWANDISHI: Nikuchokoze kidogo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilipoleta ile orodha ya ukaguzi thieta, kuna mabingwa walionuna. Eti waulizwe kama huyu ndiye mgonjwa, na upande ndio huu! Ikajaribiwa kwenye hospitali za miji minane, Ifakara yetu ikiwemo, vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

DAKTARI: Hapo umenibana. Ila ile karatasi inanilazimisha nisimame, nimsikilize nesi, nimsikilize mtu wa usingizi. Roboti linanipa jibu saa nane usiku, na bosi wangu simwamshi tena. Raha yake ndiyo hatari yake. Poland kuna utafiti uliotoka 2025, wa madaktari wa kupima utumbo mpana kwa kamera. Walizoeshwa akili mnemba ya kuwaonyesha vinyama vinavyoota humo. Hiyo si ya kuchati, lakini sikia: kabla haijaja, walikuwa wakiviona katika asilimia 28.4 ya vipimo. Baada ya kuizoea, wakipima bila msaada wake, 22.4.

MWANDISHI: Jicho limelala.

DAKTARI: Na mkono wa mpasuaji je?

MWANDISHI: Basi nikupeleke Nairobi. Kliniki 15 za Penda Health: mhudumu anaandika faili, akili mnemba inasoma nyuma yake, ikiona kasoro inamwashia taa ya njano au nyekundu. Makosa ya kutambua ugonjwa yakapungua asilimia 16. Ingawa, tuseme ukweli, OpenAI, haohao wenye ChatGPT, walikuwa ndani ya utafiti huo.

DAKTARI: Hiyo naitaka hata kesho, aliyeiunda awe nani. Mimi nimeshafikiri, nimeshaandika, ndipo yenyewe inakohoa. Ila wenzangu wabandike historia ya mgonjwa, jina na namba ya simu, kwenye roboti la kuchati la bure? Tanzania tuna sheria ya taarifa binafsi tangu 2022, na sijaona anayeikumbuka akiwa na wagonjwa arobaini nje.

MWANDISHI: La mwisho. Umelazwa wewe. Mpasuaji wako yuko mlangoni mwa thieta, anachati na roboti.

DAKTARI: Namuuliza anatafuta nini. Akisema anahakiki dozi ya dawa, nanyamaza, nalala. Akisema anaangalia aanzie wapi kukata, nashuka kitandani na shuka lao hilohilo, mtanikuta stendi ya bodaboda.