Habari Tuliyoiazima

Mbukwenyi! Wakubwa zangu shikamooni. Na ninyi wadogo zangu mliojazana viti vya nyuma, habari za mchana.

Nimeombwa kuzungumzia namna ya kuongoza kitengo cha habari katika asasi ya uchechemuzi, yaani asasi inayoshawishi sheria, sera na mienendo ya watu ibadilike. Kazi hii nimeifanya hapa Dodoma tangu wizara nyingi zikiwa bado hazijafungasha mafaili yake Dar es Salaam. Pengine mnategemea nianze na kamera, au na namna ya kupata wafuasi mitandaoni. Naomba nianze na kanga.

Kulikuwa na binti wa miaka 15 aliyetoroka kuozwa. Alitaka mwenyewe kusimulia, hatukumsukuma. Tulimpiga picha akiwa ametupa mgongo, sauti tukaibadilisha, jina tukampa jingine, kijiji hatukukitaja. Picha niliikagua mimi na saini nikaweka mimi. Ikatoka Ijumaa. Jumapili asubuhi, najiandaa kwenda kanisani, ikaingia simu ya ofisa ustawi wa jamii: "Dada, huku wameshamjua." Nikamuuliza wamemjuaje na sura haionekani. Akanijibu neno moja: "Kanga."

Binti alikuwa amejitanda kanga ya mama yake. Maandishi ya kanga yalikaa katikati ya mgongo, yanasomeka kuliko hata maneno yetu chini ya picha. Kila mwanamke aliyewahi kupanga ndoo pamoja naye bombani aliijua kanga ile, na lile pindo lililoungua pasi alilijua pia. Tulimficha kwa watu wa Dar es Salaam ambao hawatakutana naye maishani, tukamwonyesha kwa majirani aliokuwa anawakimbia. Wiki hiyohiyo ilibidi ahamishiwe kwa shangazi yake, wilaya nyingine, na muhula wa shule ukampita.

Tangu siku ile, kila kijana anayeajiriwa kwenye kitengo changu namwambia jambo moja kabla sijamwonyesha dawati lake: habari si yetu, tumeiazima. Ukiazima sufuria ya jirani unapikia ukijua ni ya mtu. Ukiirudisha imetoboka, siku nyingine atakwambia ina kazi. Na sisi tukirudisha maisha ya mtu yametoboka, kijiji kizima kitatufungia mlango, na wenzetu watakaokuja baada yetu watafungiwa pia.

Kwa vitendo ina maana gani? Picha ya manusura kwetu haitoki mpaka iangaliwe na mtu wa kata ileile ambaye si mfanyakazi wetu na anajua kutunza siri. Tunamuuliza swali moja tu, "Huyu unamjua?" Akitaja jina, picha hiyo imekufa, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Ridhaa tunaiomba mara mbili: kabla ya kurekodi, kisha baada ya mwenyewe kusikia kilichorekodiwa, kwa sababu mtu hajui amesema nini mpaka ajisikie. Na tunamweleza ukweli ambao wengi wetu tunaukwepa, kwamba kipande kikishaingia kwenye magrupu ya Wasapu hatuna uwezo wa kukirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezipa taarifa za watoto na za afya uzito wa taarifa nyeti. Isomeni. Lakini nawasihi msisubiri sheria iwafundishe jambo ambalo mama mwenye ndoo bombani angewaambia bure.

Sasa niwapeleke Chamwino, maana huko ndiko nilikojifunza kwamba nilikuwa sijui kusikiliza.

Mkoa wetu uko kwenye orodha tusiyojivunia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa kati ya wanawake wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49, asilimia 47 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Ni Manyara peke yake iliyotuzidi. Tukaandaa kampeni. Tulikaa ofisini Area C, chai mezani, tukachagua rangi. Bango likawa na wembe, tone la damu, na maandishi makubwa: UKEKETAJI NI KOSA LA JINAI. Na kweli ni kosa. Sheria ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka mitano hadi 15 kwa anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Tukayabandika zahanati, shuleni, ofisi ya mtendaji wa kijiji, tukapiga picha za kubandika, tukaandika ripoti.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nimekaa na bibi mmoja uani kwake, anapepeta uwele. Nikamuuliza ameyaonaje mabango. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Mwanangu, lile bango ni la watu wa mbali. Hapa hakuna anayefanya mambo yale. Sisi tunatibu watoto." Nikauliza mnatibu nini. "Lawalawa."

Ninyi mliokulia Dodoma na Singida neno hilo mnalijua. Kwa wageni: mtoto wa kike anawashwa sehemu za siri, analia akikojoa, anatoka uchafu. Ni maambukizi ya kawaida, ambayo usafi na dawa ya zahanati vinayamaliza. Lakini imani iliyoenea ni kwamba dawa yake ni kukata. Na kadiri sheria ilivyobana, ukeketaji uliacha kusubiri mwali na ngoma ukahamia kwa wachanga, ndani ya nyumba, kimyakimya, mtoto ambaye hawezi kumweleza mwalimu wala polisi wa dawati la jinsia. Sisi tulikuwa tunapiga kelele dhidi ya mila. Bibi alikuwa anashughulika na ugonjwa. Tulikuwa hatujaanza hata kuzungumza naye.

Nilirudi nikayatoa mabango. Haikuwa rahisi, kwa sababu fedha ilishatumika na mfadhili alishayaona. Mahali pa bango tukaweka muuguzi wa zahanati. Akakaa na akina mama, akaeleza maambukizi yanatoka wapi, mtoto aoshwe vipi, dawa inapatikana wapi. Kisha yakaja maswali, na maswali yale ndiyo yaliyotuandikia vipindi vya redio, wala si sisi. Maji yalitajwa zaidi ya kitu kingine chochote. Mama mwenye ndoo moja ya maji kwa siku, aliyoifuata mwendo wa saa nzima, unamwambia aoshe mtoto mara mbili na maji gani? Kampeni yetu ya ukeketaji ikajikuta inadai bomba. Mfadhili aliuliza inahusianaje. Nilimjibu aje apepete uwele siku moja na yule bibi.

Kwa hiyo siku hizi timu yangu inapokwenda kijijini, siku mbili za kwanza kamera zinabaki ndani ya gari. Mhasibu haupendi mstari huo kwenye bajeti, anauona hauzai kitu. Kiongozi wa kitengo lazima aupiganie. Nauona ndio mstari wenye thamani kuliko mashine zote mtakazoagiza.

Jambo la lugha nalo halikwepeki. Redio zetu zinarusha matangazo kwa Kiswahili, maana taratibu za leseni zinataka Kiswahili au Kiingereza. Lakini bibi yule anaumwa kwa Cigogo na anaamua mambo ya nyumbani kwake kwa Cigogo. Kondoa ni Kirangi, Chemba utakutana na Kisandawe. Kwa hiyo redio inafungua mlango, ila ndani ya nyumba tunaingia kwa mkutano, kwa igizo, kwa akina mama wa muheme na ngoma zao. Kama kwenye timu yako hakuna hata mmoja anayeweza kutaniana na wazee kwa lugha yao, basi unakwenda kutangaza, hukwenda kuzungumza.

Kuhusu Bunge nitapita haraka, maana najua mmechoshwa na semina za Bunge. Tumebahatika kuwa nalo mlangoni, na bado wengi tunaamka Juni, bajeti kuu ikishasomwa. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili, na kamati zinakaa kabla ya hapo. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, ukamfikia mjumbe wa kamati mapema, una nguvu kuliko mkutano wa waandishi wa habari wenye kamera kumi. Wekeni pia kumbukumbu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 ikatamka kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Siku ile kila redio ilikuwa na habari moja. Wiki iliyofuata, kimya. Miaka ikaanza kupita, kifungu kikiwa bado kitabuni kinasubiri Bunge. Habari ya moto kila mtu anaijua kuiandika. Kitengo cha uchechemuzi kinapimwa pale habari inapopoa: nani bado anafungua taarifa rasmi za Bunge kuona mbunge gani alisema nini, nani anampigia mhariri bila kuwa na jipya la kumpa isipokuwa binti mwingine aliyeozwa.

Halafu kuna bahasha, ile fedha anayopewa mwandishi anapokuja kuandika habari zetu. Najua wengine mmeinamisha macho, na sisemi hivi kumwaibisha mtu. Mwandishi anayetufuata Mpwapwa au Bahi mara nyingi hana mshahara wa kueleweka. Analipwa kwa habari iliyotoka, nauli ni yake, na nyumbani ana watoto. Asasi inayomwambia "sisi hatutoi kitu, ni maadili" huku maofisa wake wamelala hoteli kwa posho, inamdhulumu. Lakini bahasha inayokabidhiwa nyuma ya gari, bila karatasi, ni sumu kwetu sote, kwa sababu siku asiyetutakia mema akija na nene zaidi hatutakuwa na la kusema. Msimamo wangu ni huu: nauli na chakula vinalipwa hadharani, kwa fomu, kiwango kimoja kwa wote, kabla ya tukio, na anayetukosoa kwenye habari yake anapata sawa na anayetusifia. Tuliwahi kukosolewa vibaya na mwandishi aliyepanda gari letu. Alikuwa sahihi, na safari iliyofuata tulimpigia tena.

Nimalizie na mtu mmoja wa timu yangu, ameniruhusu nimseme bila jina.

Ni kijana wa kuhariri sauti. Jioni moja nilimkuta peke yake ofisini, hedifoni shingoni, chipsi mayai imepoa pembeni hajaifungua. Alikuwa na siku tatu kwenye ushuhuda wa mwanamke mmoja wa dakika 40, anaupunguza uwe dakika sita. Nikamuuliza umefika wapi. Akasema, "Dada, nimemaliza kukata. Ila nikifumba macho nasikia pale anapovuta pumzi kabla ya kujibu. Nimeikata mara nyingi, na bado naisikia."

Nilikuwa nimemwachia peke yake maumivu yote ya mwanamke yule kwa siku tatu, kwa sababu tu ana mkono mzuri na hajui kulalamika. Tunajali manusura, tunasahau kwamba anayewasikiliza kwa hedifoni anasikia zaidi ya mtu yeyote. Sasa ushuhuda mzito unahaririwa na wawili, hakuna anayekaa nao zaidi ya saa mbili mfululizo, na kuna mshauri nasaha ambaye fedha yake iko kwenye bajeti kwa jina lake halisi, haijafichwa kwenye "mengineyo". Anayeomba siku ya kupumzika baada ya kazi kama hiyo haandiki barua ya kujieleza. Ikiwa ninyi ni viongozi, msisubiri mtu alie ndipo mjue amechoka. Angalieni chakula kilichopoa mezani.

Ushuhuda ule tuliurudisha kwa mwenyewe, kama tunavyorudisha kila kitu. Tulikaa kwenye mkeka, kijana akashika simu, mwanamke akasikiliza dakika zote sita akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho akauliza, "Pale nilipokuwa nashindwa kusema, mbona hamna?" Kijana akamweleza kwamba ameikata ili maneno yatiririke. Akasema, "Irudishe. Nilikuwa nafikiria kama niwaambie au nisiwaambie." Tukairudisha. Redio iliyokirusha kipindi ilitupigia kuuliza kama mtambo ulikatika pale, maana kuna sekunde kama nne za kimya. Tukawajibu kwamba haukukatika, wairushe hivyohivyo.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Tuna nusu saa ya maswali. Tuanze na dada wa pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja bahasha.