Mvua Ilinyesha na Oganda Hakufa
(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa fasihi, Iringa)

Kamwene! Nashukuru mmekuja na baridi hii. Wa nyuma msiponisikia nyosheni mkono, kipaza sauti chetu leo kina mafua.

Nimeombwa nilinganishe jamii za kubuniwa zinazotoa watu kafara. Lakini kwanza nikumbushe: mwanzoni mwa 2019, hapo jirani Njombe, watoto waliuawa na mauaji yakahusishwa na imani za kishirikina. Yale yalifanyika kwa siri na watu walilia. Jamii ninazozileta leo hufanya mchana kweupe, na hazilii.

Nianze na Grace Ogot wa Kenya na hadithi yake fupi ya Oganda. Ukame umekaba. Mganga Ndithi anamwambia mtemi Labong'o kwamba wahenga wanamtaka Oganda, binti yake wa pekee, apelekwe kwa zimwi la ziwani. Binti akiona wakubwa wananong'ona, anadhani ni mambo ya posa, anaanza kukisia ni mchumba yupi. Hapo husimama kila nikisoma. Kisha kijiji kinamwimbia, kinamsifu. Hakuna anayemchukia! Karibu na ziwa Osinda, kijana anayempenda, anamfunika kwa majani, wanatoroka. Na mvua inamwagika.

Wanafunzi wengi hapo hushusha pumzi: kafara haikufika, mvua imekuja, basi mila imeumbuka. Nami huuliza, imeumbuka mbele ya nani? Kijijini wanajua walimtoa binti, mvua ikanyesha. Ukame ukirudi, mzee atasema, "Mnamkumbuka Oganda?" Wanaojua ukweli ni wawili tu, na wako mbioni.

Sasa twende Marekani, kwa Shirley Jackson na hadithi yake fupi "The Lottery" ya 1948: kila mwaka kijiji kinapiga kura, na anayeangukiwa anapigwa mawe hadi kufa. Hakuna zimwi wala mganga. Kuna kisanduku cheusi, vikaratasi, na mawe ambayo watoto wameshayakusanya. Mzee Warner anaamini bahati nasibu ya Juni ndiyo huivisha mahindi. (Ninyi wa Mufindi mnaohangaikia mbolea, mnacheka.) Anaambiwa kuna vijiji vimeshaiacha. Anajibu kwamba hiyo ni kujitafutia balaa tu, na hakuna anayeuliza kama mahindi ya huko yamekauka. Ushahidi uko karibu, lakini hakuna anayeufuata. Hata Tessie Hutchinson, atakayepigwa mawe, alifika kwa kuchelewa akitania. Analalamika baada ya kura kuangukia nyumba yake, tena anataka binti yake aliyekwisha kuolewa aingizwe kwenye kura ile. Msimwonee huruma haraka. Mwaka uliopita naye alishika jiwe.

Chinua Achebe wa Nigeria mnamjua, wengine kupitia *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya riwaya yake *Things Fall Apart*. Humo Okonkwo anamlea Ikemefuna, kijana aliyetolewa na kijiji kingine kama fidia, hadi wazee wanaamua auawe kwa amri ya mungu wao. Mzee Ezeudu anamwonya Okonkwo asitie mkono katika kifo cha Ikemefuna, kwa kuwa kijana anamwita baba. Tunamsifu kwa busara yake. Lakini sikilizeni vizuri: anamkataza yeye kushiriki tu, hasemi kijana asiuawe. Kwa wema wa aina hiyo kafara inapita bila tatizo. Okonkwo, kwa kuogopa kuonekana mnyonge, hata hilo dogo anashindwa.

Wa Omelas, katika hadithi ya Ursula Le Guin ya 1973, nitawagusa tu. Mji wao wote una raha kwa sababu mtoto mmoja anateseka chini ya jengo. Wapo wanaokataa, wanatoka mjini kimyakimya, hawarudi. Wasomaji huwaona mashujaa. Mimi naona wamebeba ushahidi wakaondoka nao, na mtoto kabaki palepale. Tofauti yao na Oganda ni kwamba wao hakuna aliyekuwa anawawinda.

Kuna binti wa kidato cha tano aliniuliza, mbona Oganda hakurudi kijijini wamwone yu hai na mvua inanyesha? Nikamwambia angerudi wangempeleka tena ziwani. Akafikiri kidogo, akasema, "Na mvua ingekuwa bado inanyesha, mwalimu."